Lupini kwa tilapia: kukaanga hakuondoi uchungu

Swali: Daktari, hujambo. Nina bwawa la nailoni nyuma ya nyumba hapa Ol Kalou, Nyandarua, tilapia kama mia tatu. Jirani hulimia ng'ombe wake wa maziwa lupini, mmea wa jamii ya kunde, akaniuzia gunia la punje zake. Kwenye kundi letu la WhatsApp nimeambiwa niikaange, niiloweke usiku mmoja, nisage niwatupie. Eti ina protini asilimia 35 na sitanunua tena chakula cha dukani. Samaki wanadaka wanatema, na maji yameanza kunuka. Niongeze au niache?

Jibu: Acha leo, mama. Usiwape chochote kwa siku mbili tatu, toa theluthi ya maji uingize mapya, kisha alfajiri nenda uwatazame. Wakiwa juu wanatwetatweta, ujue hewa imepungua majini, na unga uliooza chini ndio unaoimaliza.

Sasa hilo la kukaanga. Ushauri huu naletewa kila mara, na kila mara chimbuko lake ni mtu aliyesikia habari za soya akazibandika kwa kila kitu chenye umbo la haragwe. Soya mbichi ina vizuizi vinavyomnyima samaki kumeng'enya protini, na moto huviharibu. Kwenye lupini vizuizi hivyo ni haba. Shida yake ni alkaloidi, yaani kemikali chungu zenye sumu, na hizo hazishtuki kwa karai la moto. Hutolewa kwa maji, tena mengi. Wa-Ethiopia wa Gojjam, ambao huiita gibto, hukaanga kweli, lakini baada ya hapo huiloweka siku kadhaa katika maji yanayopita au yanayobadilishwa, hadi uchungu uishe. Wewe umeiacha usiku mmoja ndani ya ndoo ile ile. Na kama ulisaga pamoja na maji yake, uchungu wote uliotoka umeurudisha. Maji hayo, tafadhali, yasimwagwe bwawani wala kwenye birika la mifugo.

Jirani atakuapia kwamba yake ni lupini tamu. Huenda ni kweli. Lupini tamu huwa na alkaloidi chini ya asilimia 0.02, ilhali ile chungu hufikia asilimia 1 au 2, hata zaidi. Lakini lupini nyeupe huchavushwa kwa kiasi fulani na nyuki, na katika mchanganyiko uchungu ndio unaotawala. Mkulima akijiwekea mbegu msimu baada ya msimu karibu na shamba la lupini chungu, utamu unapotea bila yeye kujua. Chota punje kumi kutoka sehemu mbalimbali za gunia, tafuna moja moja, uteme. Ulimi utakwambia kabla ya maabara.

Hata ukikuta ni tamu, hiyo ni nyongeza tu. Mimi sivuki robo ya chakula chote. Menya maganda kwanza, maana ni nyuzinyuzi tupu ambazo tilapia hazimfai kitu. Saga laini, chekecha, changanya na omena (dagaa), kwa sababu lupini ina upungufu wa methionini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Wanga wake nao ni mdogo mno, haushiki, kwa hiyo funga mchanganyiko kwa uji mzito wa muhogo, upitishe kwenye mashine ya kusagia nyama, uanike kivulini. Tia tembe moja kwenye glasi ya maji. Ikifumuka kabla ya dakika kumi, unalisha tope. Na kwa baridi ya Nyandarua, lisha adhuhuri jua likiwa limepasha maji. Tilapia hupenda nyuzi 25 hadi 30, na chini ya 20 hamu yake hushuka sana. Anayekupa kipimo cha mtu wa Kisumu kwenye joto hakujali wewe wala samaki wako.

Linalonikera zaidi ni hiyo "asilimia 35", ambayo siku hizi inauzwa kama hirizi. Maabara kwa kawaida haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Chochote chenye naitrojeni huhesabiwa: hata alkaloidi, hata yurea. Mwaka 2008 nchini China, melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ilitiwa kwenye maziwa kwa hila hiyo hiyo, watoto wachanga wakafa. Wauza "fomula" za chakula cha samaki wa simuni wanajua kwamba mfugaji husoma namba moja tu kwenye mfuko, basi humwandikia namba kubwa. Baadhi ya wauza omena nao huongeza uzito kwa mchanga.

Kwa hiyo ukipeleka sampuli, usiombe protini peke yake. Omba na majivu, yaani mabaki baada ya sampuli kuchomwa, pamoja na nyuzinyuzi. Majivu yakiwa mengi kupita kiasi kwenye omena, umenunua mchanga. Nyuzinyuzi zikizidi kwenye lupini, umeuziwa maganda.