Wageni Wengi, Mnunuzi Hakuna: Majibu kwa Wasomaji Wanaouza Nyumba

SWALI

Mheshimiwa Mwandishi,

Mimi ni mama mjane wa mtaa wa Bel-Air, komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mume wangu alifariki mwaka 2021, na nyumba tuliyoijenga pamoja kwa miaka 9 baada ya ndoa yetu imekuwa kubwa mno kwangu, kwa kuwa watoto wetu 4 ni watu wazima na wawili kati yao wanafanya kazi Kolwezi. Tulikubaliana na watoto kwamba tuiuze, nami ninunue nyumba ndogo karibu na dada yangu huko Likasi. Tunaomba dolari 85,000. Makomisioneri 5, yaani madalali wa nyumba, wameleta watu kwa muda wa miezi 11, na katika daftari langu nimeandika ziara 38. Wengine huja saa kumi na mbili asubuhi, wengine Jumapili tukiwa ndiyo kwanza tunatoka misani. Hupita vyumbani, hufungua makabati, husifu mwembe wangu, kisha huenda, na hakuna hata mmoja aliyerudi mara ya pili. Sina budi kusema pia kwamba baada ya matanga shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa barabarani kwamba parseli hii, yaani kiwanja hiki, haiuzwi. Tulipaka chokaa juu ya maandishi hayo, lakini mvua ikinyesha herufi huonekana tena. Shemeji hajasema neno tangu siku hiyo. Binti yangu mkubwa anataka tushushe bei hadi 60,000 ili tumalize. Nifanye nini?

Mama Mjane, Bel-Air

JIBU

Mama, kabla ya kugusa bei, shughulikia ule ukuta.

Katika miji yetu kila mtu ameyaona maandishi ya aina hiyo na kila mtu anajua maana yake: ndani ya ua huu kuna ndugu wasioelewana, au kuna mtu aliyewahi kujaribu kuuza mali isiyo yake. Mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi anapofika langoni pako na kuziona herufi nyekundu chini ya chokaa, hawezi kukuuliza habari zake, kwa sababu anakuheshimu na anaona aibu kufukua mambo ya msiba wa watu. Atasifu mwembe, atakushukuru, atakwenda kununua kwingine, hata kwa bei kubwa zaidi, mahali ambapo hatapokea wito wa mahakama baada ya mwaka mmoja. Ndiyo maana siamini kwamba watu 38 wameikataa nyumba yako. Naamini wengi wao wameukataa ugomvi wanaoudhania.

Sasa tuangalie haki ya kila mmoja, maana ukimya wa shemeji unaweza kuwa na sababu. Kama ndoa yenu iliandikishwa serikalini na hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali, Sheria ya Familia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inachukulia kwamba mali mliyoipata kwa jasho lenu wakati wa ndoa ni ya ninyi wawili, kwa hiyo nusu ya nyumba ni yako hata kabla mirathi haijaanza kuzungumzwa. Nusu ya marehemu ndiyo inayorithiwa: robo tatu ya nusu hiyo ni ya watoto, na robo iliyobaki inawahusu mjane, wazazi wa marehemu kama wako hai, na ndugu zake. Tena sheria hiyohiyo inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, kwa hiyo hakuna mtu wa kukutoa humo kwa nguvu.

Naomba uketi na binti yako mpige hesabu. Kwa bei ya dolari 85,000, na kama hakuna madeni ya kulipwa kwanza, nusu ya marehemu ni 42,500, na robo ya nusu hiyo ni 10,625, ambayo wewe mwenyewe una sehemu ndani yake. Hata mkiamua kuwaachia upande wa marehemu robo hiyo yote kwa ajili ya amani, mtakuwa mmetoa chini ya nusu ya zile 25,000 ambazo binti yako yuko tayari kuzitupa kwa kushusha bei. Isitoshe, bei ikishushwa na maandishi yakabaki, mnunuzi ataogopa zaidi, kwa kuwa nyumba nzuri inayouzwa rahisi mno na familia yenye ugomvi humfanya mtu ajiulize ni nini kinachofichwa.

Kwa hiyo mwite shemeji. Usimtume komisioneri wala mtoto kwa simu. Mtumie mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, na mkutane nyumbani mbele ya watoto. Mweleze kwamba haki yake, kama ipo, haitapotea. Kikao kikiisha, yaandikwe yaliyokubaliwa na kila mmoja atie sahihi. Watoto walio Kolwezi wanaweza kumpa mmoja wenu mamlaka kwa barua iliyopitishwa kwa noteri, ofisa anayethibitisha hati. Mchagueni pia msimamizi wa mirathi, yule tunayemwita likidateri, na uteuzi wake uthibitishwe mahakamani, kwa sababu mnunuzi mwangalifu ataomba kuiona karatasi hiyo. Kisha bandueni lipu ya sehemu ile ya ukuta na kuipiga upya, kwa maana chokaa haitoshi kamwe juu ya rangi ya mafuta. Ikiwezekana, shemeji mwenyewe awepo siku hiyo na mkuu wa mtaa aarifiwe. Wanunuzi wa Lubumbashi huwauliza majirani kabla ya kukuuliza wewe, na jirani aliyemwona shemeji akisimama pale fundi akifanya kazi atakuwa shahidi mwema kuliko tangazo lolote.

Hukuniambia sertifika, yaani hati ya usajili wa nyumba, imeandikwa jina la nani. Kama bado ni jina la marehemu, anzeni sasa kuishughulikia, msingoje mnunuzi apatikane. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni ya Serikali. Tunachouza ni majengo pamoja na haki ya kukitumia kiwanja, na haki hiyo huthibitishwa kisheria na hati ya usajili inayotolewa na konservateri, ofisa wa serikali anayesajili hati za mali zisizohamishika. Kitabu cha mwenye nyumba na fishi ya parseli (karatasi ya maelezo yake) vinasaidia kueleza historia, lakini havichukui nafasi ya hati hiyo. Wageni waonyeshwe nakala tu, na usikubali ipigwe picha kwa simu, kwa kuwa picha ya sertifika ni mwanzo mzuri wa sertifika ya uongo. Mwenye nia ya kweli mpe namba ya hati aende mwenyewe ofisini kuihakiki. Atakayekwenda huko ni mnunuzi, hata kama hajataja bei.

Nije kwenye ziara zenyewe, ambazo naona zimekuchosha kuliko jambo jingine lolote. Komisioneri wengi hutoza ada kila mtu wanayemtembeza. Siwalaumu wote, kwa maana wapo waaminifu walioziwezesha familia nyingi kupata makao, lakini lazima tuelewe kwamba mtu anayelipwa kwa kutembeza watu atatembeza watu, na lango linalofunguliwa saa yoyote ni riziki yake ya kila siku. Ziara 38 hazikuonyeshi kwamba soko linaitaka nyumba. Kuna jambo jingine baya zaidi: kila mmoja wa makomisioneri hao 5 huenda anaongeza chake juu ya bei yako, hata nyumba moja ikatangazwa kwa 85,000 Kampemba, 90,000 mtaa wa Golf na 95,000 kwenye kundi la WhatsApp. Mtu akikutana na bei tatu za nyumba moja hukimbia. Chagua mmoja, au wawili usizidishe, mwandikiane bei, asilimia yake na muda wa miezi 3, na iandikwe wazi kwamba haruhusiwi kutaja bei nyingine.

Halafu weka siku. Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, zinatosha kabisa, na ziara ipangwe tangu jana yake. Nachagua mchana kwa sababu umeme wetu hauna ahadi, na nyumba inayotembelewa kwa tochi huonekana kama pango. Najua kwetu ni vigumu kumrudisha mtu aliyesimama mlangoni, na mama wa heshima huona haya kusema “leo hapana”. Lakini anayekuja kuangalia mali anaweza kupokelewa kwa heshima bila kuachiwa nyumba nzima. Mkaribishe kwanza chini ya mwembe, mpe kiti na maji, umwombe kadi yake ya mpiga kura uandike jina katika daftari, kisha umuulize bila haraka: ni nani atakayeishi hapa, anataka kuhama lini, na fedha ziko tayari au anangoja kuuza parseli nyingine? Mwenye nia hujibu kwa furaha. Asiye na nia ataangalia saa, na hapo utakuwa umeokoa alasiri yako. Usiwe peke yako. Awepo mtoto au jirani, kikundi kimoja kiingie kwa wakati mmoja, na kabati lifunguliwe na wewe tu.

Ndani ya nyumba, fungua bomba mbele ya mgeni na umwambie maji ya REGIDESO, shirika la maji, hutoka saa ngapi. Kama kuna kisima cha kuchimbwa kwa mashine, mwonyeshe pampu ikifanya kazi, kwa maana katika mji huu swali la maji na la umeme hutangulia swali la idadi ya vyumba. Bati linalovuja lisifichwe kwa dari mpya; mvua zetu kubwa, kati ya Novemba na Machi, zitasema ukweli kabla ya malipo ya mwisho. Kinyume chake, kama ua wako haufuriki na gari hufika langoni hata katika Januari, waalike watu waje kesho yake baada ya mvua kubwa. Hiyo ni sifa ambayo wauzaji wengi husahau kuionyesha. Picha ya marehemu iache mahali pake ikiwa moyo wako unataka. Haijawahi kumfukuza mnunuzi.

Kuhusu bei, soko ni zito kweli. Fedha za kununua nyumba hapa hutegemea sana migodi na kazi zinazoizunguka, na tangu serikali iliposimamisha usafirishaji wa madini ya kobalti nje ya nchi tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka kuanzia Oktoba mwaka huohuo, watu wengi niliozungumza nao wameahirisha kununua. Basi uliza majirani nyumba zilizouzwa kweli mtaani zililipwa kiasi gani, wala si kiasi kilichotangazwa. Ukuta ukiwa safi na karatasi zikiwa tayari, subiri wiki 8. Kama hakuna aliyerudi mara ya pili, shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana, tuseme hadi 78,000. Kupunguza elfu moja kila mwezi huwafundisha watu kungoja. Na kabla ya yote jua ni kiasi gani usichoweza kwenda chini yake ukitoa gharama za hati, malipo ya komisioneri, sehemu za warithi na bei ya nyumba ya Likasi. Kiasi hicho kijulikane na wewe na watoto tu.

Siku ya kulipana, mkataba upitishwe kwa noteri na fedha ziingie benki mbele yenu wote, ambako noti zitahesabiwa na zilizochanika kukataliwa palepale. Usitoe sertifika ya asili kwa malipo ya nusu, hata kama anayeomba ni mtu wa kanisa lako.

SWALI

Nauza nyumba ya milango 3, yaani sehemu 3 zinazopangishwa kila moja peke yake, huko Katuba, nami naishi Ruashi. Wapangaji wangu hufunga milango kila ninapoleta mtu wa kuangalia. Je, niwatoe kwanza?

Baba wa Ruashi

JIBU

Baba, usiwatoe. Nadhani wanaogopa mambo mawili, kutolewa ghafla na kupoteza garanti yao, yaani fedha ya dhamana waliyoweka, na hofu hiyo hukua kila mara mtu mgeni anapochungulia dirishani bila wao kuambiwa lolote. Waite wote siku moja, uwaambie kwamba unauza, na uwape karatasi inayotaja garanti uliyopokea kwa kila mlango. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa makazi hairuhusu garanti ipite kodi ya miezi 3, kwa hiyo hesabu haitakuwa ngumu. Katika mkataba wa kuuza iandikwe wazi ni nani atakayerudisha fedha hizo, wewe au mnunuzi, na wapangaji wajulishwe.

Kisha mwombe kila mmoja akupe muda wa saa mbili kwa wiki anazochagua yeye. Mama anayepika uani hataki kuonwa na wageni jioni, na ana haki. Nyumba ya milango 3 kwa kawaida hununuliwa na mtu anayetafuta kodi ya kila mwezi, na mtu huyo atapenda kuwakuta watu wanaolipa kwa wakati, pamoja na daftari la malipo yao ya mwaka mzima. Lete daftari hilo siku ya ziara ya kwanza.