Pesa ya mazabodi isiishie kwenye taa

Wiki hii kijana mmoja wa Moshi, mpiga video za harusi anayekaa Soweto, kaniandikia hivi: "Kaka, habari za kazi. Nina milioni moja na laki nane, nataka kuunda mashine ya kuediti, na gemu kidogo usiku. Dukani wananiambia nikichukua i5-12400F lazima niweke mazabodi ya Z790, eti za B ni za ofisini. Nisaidie."

Nilimjibu palepale: usiweke. Mazabodi ni ile bodi kubwa inayounganisha vipande vyote vya kompyuta, i5-12400F ni prosesa ya Intel, yaani ubongo wake, na Z au B ni herufi ya chipseti, kile kipande kinachoamua bodi inaweza nini. Hiyo Z kwenye chipseti za Intel unailipia ili uweze kuipandisha prosesa kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, na prosesa zinazokubali mchezo huo ni zile zenye K kwenye jina. Ya kwake haina K. Huko ni kununua Land Cruiser ya Serengeti halafu unapelekea watoto shule Njiro. Nikamwambia atafute B760, au hata B660, ya Micro-ATX (saizi ndogo), inayotumia DDR4 (ramu za kizazi kilichotangulia DDR5), na chenji yote aisukume kwenye ramu na SSD, ile hifadhi ya kasi. Baadaye akitaka nguvu zaidi, bodi hiyohiyo akiisasishia BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, itapokea mpaka i5-14500 yenye kore 14, yaani vichwa 14 vya kufanyia kazi. Nikamkumbusha na F: prosesa yake haina grafiki ndani, kwa hiyo tundu la HDMI lililoko kwenye bodi ni pambo. Skrini ichomekwe kwenye kadi ya grafiki, ile inayotoa picha. Nimeshapigiwa simu za usiku na watu wanaolia kwamba mashine mpya imekufa, kumbe waya wa skrini umechomekwa kwenye bodi.

Ningeweza kuishia hapo. Ila neno "za ofisini" limenigusa pabaya.

Mwisho wa 2020 nilikuwa najiunganishia mashine yangu hapa Sakina, Arusha. Nilikuwa nimechoka kuediti kwenye laptop iliyokuwa inapiga kelele kama inataka kuruka, na Desemba ilikuwa inakuja. Anayeijua Desemba ya Kilimanjaro hahitaji kuelezwa: Wachaga wamerudi nyumbani kutoka kila kona, kila Jumamosi kuna harusi, send-off, kipaimara, na kila mama anataka video kabla mwanawe hajarudi Dar. Nikapanga Ryzen 5 3600, prosesa ya AMD, washindani wa Intel, na bodi ya B550 ndogo, nyeusi, isiyo na taa hata moja. B550 zilitoka Juni mwaka ule, na nilikuwa nimezisoma mpaka nikaziota.

Nikaweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha. Mwenzetu mmoja mwenye studio kubwa mjini, aliyekuwa na X570, bodi ya daraja la juu kwa prosesa hizohizo, inayowakawaka kama basi la usiku, akaandika: "Hiyo ni bodi ya mwanafunzi." Watu wakacheka. Ningevumilia kicheko. Lakini kulikuwa na harusi moja nzito tuliyokubaliana kuifanya pamoja, akampa mtu mwingine, akisema mashine yangu haitamudu 4K. Sikujibu kitu. Ninajibu leo.

X570 ilikuwa inakupa nini ambacho B550 haikuwa nacho? Kwenye B550 kadi ya grafiki na M.2 (tundu la SSD) ya kwanza hupata PCIe 4.0, njia ya data yenye kasi mara mbili ya 3.0, moja kwa moja kutoka kwenye prosesa, sawasawa na kwa mwenzangu. Tofauti ilikuwa kwenye chipseti: ya X570 ilitoa PCIe 4.0 nayo yenyewe, ya B550 ikatoa 3.0. Hiyo ni faida kwa mtu mwenye SSD tatu nne za kasi. Sisi wote wawili tulikuwa na moja. Halafu chipseti ya X570 ilikuwa inachemka zaidi, ndiyo maana bodi nyingi za kizazi kile ziliwekewa kifeni kidogo juu yake. Kifeni. Arusha. Nyie mnalijua vumbi letu la kiangazi. Baada ya muda kile kifeni kikaanza kulia, na aliyeitwa kwenda kukifungua na kukisafisha ni mimi, fundi wa bodi ya mwanafunzi. Nilienda, nikasafisha, nikalipwa, nikaaga vizuri.

Mwaka huu nimetoa ile 3600, nimeweka Ryzen 7 5700X kwenye bodi ileile. Kutoka kore 6 hadi 8, na zote mbili ni za wati 65, kwa hiyo bodi haikuhisi lolote. Nilisasisha BIOS kwanza, nikabadilisha prosesa, ikawaka. Video ya harusi ya masaa manne ninaiacha inatoka wakati nakunywa chai, nikirudi iko tayari. Jamani, niacheni nijisifu kidogo.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie mnaotunza hela ya boom au ya mchezo kwa miezi ili mnunue mashine. Bodi haiongezi kasi. Prosesa ileile kwenye bodi ya bei mara mbili itafanya kazi ileile, ilimradi ile ya bei ndogo inaweza kuilisha. Kulisha ndiko kwenye siri. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inakula kama volti moja na ushee, na kazi ya kushusha inafanywa na VRM, vile vipande vilivyozunguka soketi, kiti cha prosesa. Vikichemka kupita kiasi, prosesa hupunguzwa kasi. Ryzen ya wati 65 ikikazwa huvuta mpaka wati 88, na bodi ya B yenye hitisinki (vipande vya chuma vya kupoza) juu ya VRM inazibeba bila jasho. i7-13700K inaweza kufika wati 253. Ukiipachika kwenye H610, daraja la chini la bodi za Intel, ya bei ya chini isiyo na hitisinki, usimlaumu fundi. Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie taa. Angalia zile hitisinki.

Kisha hesabu matundu. Matundu manne ya ramu ni bora kuliko mawili, kwa sababu leo utafunga vipande viwili vya GB 8, kesho utaongeza viwili bila kutupa vya zamani. H610 huja na mawili tu. M.2 ziwe mbili. Intaneti ya waya ya 2.5G unayouziwa kama dili haina maana kama nyumbani unatumia bando la simu, na Wi-Fi ya kwenye bodi unaweza kuiruka pia. Simu ukiichomeka kwa USB na kuwasha USB tethering, mashine inapata intaneti. Taa nimeshazisema.

Mitego ipo. B660 na B760 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na ramu haziingiliani, kikato chake kiko sehemu tofauti. Nyingi za DDR4 zina D4 au DDR4 kwenye jina, lisome kabla ya kutuma hela. Ryzen 5 5600G nayo inapendwa kwa sababu ina grafiki ndani, lakini inaishia PCIe 3.0 hata ukiipa B550, kwa hiyo anayepanga kuweka kadi achukue 5600 ya kawaida.

Na wale wa kompyuta za mezani za mtumba, zile Dell OptiPlex za kutoka Dubai: kwa ofisi ni nzuri mno, nimeziuza mwenyewe. Ila usinunue kwa ndoto ya kuja kubadilisha kipande kimoja kimoja. Nyingi zina plagi ya pawa ya kwao wenyewe, si ile ya kawaida ya pini 24, na bodi yake haihamii kirahisi kwenye kasha jingine.

Mwenye uwezo wa DDR5 aende AM5, soketi ya AMD ya ramu hizo, na bodi ya B650. AMD wamesema soketi hiyo wataiendeleza hadi 2027 na kuendelea, na historia yao siiwekei shaka: AM4, iliyopokea Ryzen za kwanza 2017, ilikuwa bado inatolewa prosesa mpya 2024. Ila tafuta yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Bodi inaweza kuwa imekaa stoo tangu kabla ya prosesa yako kuzaliwa, na hapa Arusha sijui nani atakuazima prosesa ya zamani ya kuiwashia. Wakati wa kusasisha, mashine iwe kwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Si kwenye extension, si kwa kumwomba Mungu umeme usikatike. UPS.

Wengi wetu mzigo unatoka Kariakoo kwa basi. Ukifika stendi kuuchukua, usiondoke na boksi kichwani ukishangilia. Fungua, inua kile kifuniko cha plastiki cha soketi, mulika kwa tochi ya simu. Kwa LGA1700, soketi ya hizi prosesa za Intel, na AM5 pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo iliyolala inaonekana: mistari inavunjika, mng'ao unabadilika sehemu moja. Piga picha hapohapo, muuzaji akiwa kwenye simu. Kama ziko sawa, rudisha kifuniko, na ukishafunga prosesa nyumbani kitunze ndani ya boksi pamoja na risiti. Siku ya kudai waranti bodi inatakiwa irudi nacho, na wengi huwa wamekitupa siku ileile ya kwanza.