Injini imezima katikati ya ziwa na upepo umeanza, nifanye nini?

SWALI: Habari fundi. Niko hapa Kisumu, nina boti ya mbao na injini ya nguvu farasi 15, nabeba wageni kutoka Dunga kuona viboko na ndege. Juzi saa tisa mchana nikiwa na watu saba injini ilizima ghafla, upepo ukaanza, boti ikalala ubavu kwa mawimbi na maji yakaanza kuingia. Abiria wakasimama wote, mmoja akataka kuruka aogelee juu ufuo ulikuwa unaonekana. Tulivutwa na wavuvi. Nilikosea wapi, na ninunue laifu jaketi gani?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza pole sana na nashukuru mlirudi wote. Umesema injini ilizima, lakini mimi ninachoona hapo ni kwamba boti ililala ubavu. Injini ikizima pekee yake haizamishi mtu, kinachozamisha ni ile boti kupigwa na wimbi ubavuni huku watu wamesimama, uzito umepanda juu, wimbi la pili ama la tatu mnapinduka. Kwa hivyo injini ikinyamaza usikimbilie kuvuta ile kamba ya kuwasha mara ishirini ukiwa umewapa mawimbi mgongo. Kazi ya kwanza ni omo, yaani mbele ya boti, iangalie mawimbi. Waambie abiria wote wakae chini kabisa kwenye sakafu ya boti, sio kwenye mbao za kukalia, halafu utupe nanga kutoka omo.

Narudia, kutoka omo. Nimeona watu wanafunga nanga nyuma kwa sababu ndiko nahodha amekaa, hapo umejimaliza, tezi, yaani hiyo nyuma, iko chini na ina uzito wa injini, wimbi linaingia tu. Hii ghuba yetu ya Winam sehemu nyingi haina kina kirefu, na hiyo ndio sababu mawimbi yake ni mafupi na yamefuatana karibu karibu, lakini hapo pia kuna bahati, nanga inafika chini. Kamba iwe mara tano mpaka saba ya kina, yaani kama maji ni mita 6 toa mita 30 hadi 42. Ukitoa mita 10 nanga inaburuzwa tu. Na kama hauna nanga ama haifiki chini, funga ndoo kwa kamba ndefu uitupe kutoka omo, itavuta maji na kuizuia boti isigeuke. Inasaidia kweli, nimeshaitumia.

Omo ikishakaa sawa ndio sasa uende kwa injini. Shika ile puto ya raba kwenye mpira wa mafuta. Ukipata imenyonywa imekuwa bapa, angalia kifuniko cha tanki, kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa, watu wanaifunga wakibeba tanki nyumbani halafu wanasahau kuifungua, injini inaenda vizuri dakika kadhaa kisha inakufa. Ifungue, binya puto mpaka iwe ngumu, washa. Kama puto iko sawa, angalia ile kamba nyekundu ya kuzimia, pengine abiria ameivuta na mguu. Kisha propela na pale injini inaponyonyea maji ya kupoza, juu gugumaji likiziba hapo injini inachemka. Ukiona yale maji yanayorushwa nyuma yamekatika wakati unaenda, zima mwenyewe kabla ijizime.

Huyo abiria wa kuruka nimemfikiria sana. Ufuo ukiutazama ukiwa majini unaonekana karibu, lakini sivyo, na upande wa Dunga ukifika kwenye mafunjo unakutana na viboko. Feri ya MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati ya Ukara huko Tanzania, na watu zaidi ya 200 walikufa gati ikionekana. Boti ya mbao hata ikipinduka huwa inaelea. Kaeni nayo. Shikeni mkuku, ule uti wa chini ya boti, hesabu vichwa kwa sauti, watoto wapande juu ya boti kama inawezekana. Niliwahi kutoa watu wawili alfajiri, walikuwa wameshikilia boti iliyopinduka usiku kucha, vidole vimekakamaa mpaka ilibidi tuvifungue kimoja kimoja. Mwenzao aliyeogelea kutafuta msaada hatukumpata siku hiyo. Boti iliyopinduka inaonekana mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Laifu jaketi: soma namba ndani, ni nguvu yake ya kumwelesha mtu kwa newton (N). 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na yuko karibu na watu, wageni usiwape hiyo. Nunua 100, inaweza kumgeuza mtu aliyezirai uso uangalie juu, na kama unavuka kwenda kisiwani chukua 150. Mvalishe mtu, funga kamba zote, shika jaketi mabegani uinue. Ikipanda mpaka masikioni ni kubwa kwake. Ya mtoto iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Na wavae kabla hamjatoka ufuoni, kwa sababu kwenye mawimbi hakuna mtu atavaa jaketi aliyoikalia.

Mkimtoa mtu majini na hapumui, usimfinye tumbo kutoa maji, hiyo ni kupoteza muda. Mpulizie pumzi tano, kisha finya kifua mara 30, pumzi mbili, uendelee hivyo bila kuacha mpaka apumue ama msaada ufike. Hata akiamka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Saa tisa pia ni saa mbaya. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na unaongezeka nguvu kadri jua linavyowaka, kwa hivyo wageni wapeleke asubuhi. Simu ikae kwa mkebe usioingia maji, ukikwama piga 999 ama 112, na umtumie mtu wa BMU (kamati ya kusimamia ufuo) mahali ulipo kwa WhatsApp mapema kabla chaji iishe.

Hujaniambia kama boti yako ina nanga. Nijibu hiyo, na kamba ni mita ngapi, halafu unipigie picha ya kifuniko cha tanki.