Washukuruni Waliotuzikia Wazee Wetu

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Texas aliniandikia kwamba baba yake alizikwa mwezi Machi huko Kakamega, naye hakuweza kusafiri kwa sababu makaratasi yake ya ukaazi hayajakamilika. Aliuliza afanyeje katika siku hizi za mwisho wa Mei, ambapo majirani wanakaribisha kiangazi kwa nyama choma na mabwawa ya kuogelea, ilhali yeye kila akiona maua hulifikiria kaburi ambalo hajalitia machoni. Nimeona nimjibu hadharani, maana wengi wetu tulioko ughaibuni tuna kaburi la namna hiyo.

La kwangu liko Wundanyi, kule Taita. Mama alipofariki niliomba ruhusa kazini nikanyimwa. Msimamizi wangu alisema likizo ya msiba ni siku tatu tu, ambazo hazitoshi hata kwenda na kurudi. Mazishi niliyafuatilia kwa simu iliyoshikwa na binamu yangu, mtandao ukikatika kila mchungaji alipoanza kuomba. Nilichokiona vizuri kuliko vyote ni mikono ya vijana wa kijijini wakishusha jeneza kwa kamba, mmoja wao akiwa amevua viatu ili asiteleze kwenye udongo mwekundu uliolowa. Miaka imepita, nimepata kazi nyingine, watoto wamekua, na bado uchungu wa kunyimwa ile ruhusa haujanitoka. Lakini ile mikono ndiyo iliyonionyesha la kufanya.

Hapa Marekani, Jumatatu ya mwisho ya Mei ni siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofia vitani. Wengi huihesabu kuanzia 1868, Jenerali John Logan alipoagiza makaburi yapambwe kwa maua tarehe 30 Mei. Mimi hupenda zaidi habari ya Charleston, South Carolina. Katika mwaka wa mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, uwanja wa mbio za farasi wa mji huo uligeuzwa kuwa kambi ya wafungwa, na askari wa Kaskazini, upande uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyoshikilia utumwa, wasiopungua 257 wakafia humo na kufukiwa ovyo. Vita vilipokwisha, watu weusi waliokuwa wametoka tu utumwani waliwafukua, wakawazika upya kwa heshima na kuzungushia makaburi ua. Kisha tarehe 1 Mei 1865 watu wapatao 10,000 waliandamana hadi pale, watoto wa shule wakiwa wamebeba mawaridi. Wale marehemu hawakuwa ndugu zao. Mama zao, waliokuwa mbali kaskazini, hawakujua ni nani aliyewastiri wana wao.

Kila nikiisoma habari hiyo nawafikiria waliomstiri mama yangu kwa niaba yangu. Ndiyo maana, theluji ya Minnesota ikishaisha na jioni zikianza kurefuka, mimi huitumia Jumatatu hiyo kuwapigia simu: mama mdogo aliyemwosha na kumvika, jirani aliyetoa sufuria zake kubwa kwa ajili ya waombolezaji, vijana waliochimba kaburi. Mwaka huu nilimpata yule aliyevua viatu. Sasa ni fundi seremala na ana watoto. Aliniambia hakuna aliyewahi kumshukuru kwa kazi ile, na kwamba mama ndiye aliyemlipia ada ya mtihani wa darasa la nane, jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwa tumelisikia kamwe. Najivunia simu hiyo kuliko fedha zote nilizowahi kutuma nyumbani.

Kwa hiyo, dada yangu, na nyote mlio katika hali hiyo, chagueni siku moja katika mwaka na muiheshimu. Washukuruni waliowazikia, kila mtu kwa jina lake na kwa jambo alilolitenda, kwa sababu shukrani ya jumla haimfikii mtu. Mchango wa matanga ni wajibu, nao hauondoi deni la shukrani. Tusijifiche nyuma ya kazi. Hao waliochimba nao walikuwa na kazi zao, na wakaziacha. Washukuruni mapema, maana vijana wa kijiji hutawanyika kwenda Mombasa na Doha, na wazee waliokesha kwenye matanga wanapungua kila mwaka. Wakati hautungoji tupate makaratasi.

Anza kwa kumwomba kaka yako majina ya waliochimba kaburi na ya wanawake waliokuwa jikoni. Majira haya Kakamega iko mbele ya Texas kwa saa nane, hivyo ukipiga saa mbili asubuhi kwako, kwao ni saa kumi alasiri, na wengi watakuwa wamesharudi kutoka shambani.