Bastola mpya inakwama, naambiwa "itazoea"

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina leseni, na nimenunua bastola mpya ya 9mm kwa ajili ya kujilinda. Uwanjani nimepiga risasi 50 za mazoezi, mbili zikakwama, zote mbili kwenye magazini moja. Muuzaji anasema bado ngeni, itazoea. Jamaa mwingine anataka aipige msasa koo, yaani ule mteremko ambao risasi hupandia kuingia kwenye mtutu, ili risasi ziteleze. Nimwachie? Na nipige ngapi ndipo niiamini?

JIBU: Ndugu yangu, usimwachie.

Ugonjwa umeutaja mwenyewe: zote mbili zimekwama kwenye magazini moja. Ziandike magazini zako kwa rangi, 1 na 2, halafu rudi uwanjani ukapige kwa zamu. Tatizo likiifuata moja tu, tuseme namba 2, basi huenda midomo yake, yaani kingo za juu zinazoshika risasi, imepinda au springi imelegea; nunua nyingine badala yake, hiyo usiibebe tena. Likijitokeza kwa zote, safisha bastola, ondoa grisi ya kiwandani, tia mafuta kidogo, ujaribu tena. Likibaki, irudishe ingali na dhamana. Ikishaguswa na msasa, dhamana hiyo sahau.

Kuhusu idadi, risasi 50 hazitoshi hata kama zingepita zote. Wanaofanya hesabu za majaribio huchukua 3 wakaigawa kwa idadi ya mara ulizojaribu bila kosa. Kwa 50, bado inawezekana bastola ikawa inakwama hadi mara 6 katika kila 100. Kwa 200 inashuka hadi 1.5. Ndiyo maana wengi wetu tunadai 200 mfululizo bila kosa, tena za aina ile ile utakayotembea nayo. Risasi ya mazoezi kwa kawaida ina kichwa cha mviringo, hupanda kwa urahisi zaidi kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Ile ya kujilinda yenye kichwa chenye tundu ina mdomo mpana, nayo inaweza kujikwaa mahali ambapo mwenzake amepita. Ukijaribu moja na kubeba nyingine, uliyoibeba hujaijaribu.

Sasa hili la "itazoea" linanichosha, maana nalisikia kila wiki. Springi mpya huwa ngumu, kweli, na wapo watengenezaji wanaoshauri upige kiasi fulani kwanza. Lakini mazoea hayo yana mwisho. Yakishapita, kukwama ni kukwama, na hesabu inarudi sifuri. Mtu anapiga mia tatu, inakwama mara tano, bado ananiambia inazoea! Inazoea nini? Midomo ya magazini iliyopinda hainyooki kwa kupigwa risasi.

Wenye msasa ni hatari zaidi. Majuzi nililetewa bastola iliyosuguliwa koo mpaka inang'aa kama kioo, na mwenyewe anajivunia kwamba haikwami tena. Nikaomba maganda yake. Kila moja lilikuwa na tumbo upande wa chini, karibu kabisa na kitako. Msasa ulikuwa umekula ukingo wa chemba, kwa hiyo sehemu ile ya ganda haikuwa na chuma cha kuishikilia wakati baruti inawaka. Siku ganda likipasuka, moto wote unashuka kwenye magazini na kwenye kiganja. Mtutu ule haurekebishiki, ni wa kutupa.

Wapo pia wanaokata springi ya nyundo ili triga iwe laini. Laini inakuwa, ila nyundo inaigonga fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, kidogo tu na risasi inaweza isilipuke. Ikikutokea uwanjani, elekeza mtutu kwenye shabaha na uhesabu sekunde 30 kabla ya kuitoa, kwa sababu nyingine huchelewa kulipuka.

Fundi yeyote akiigusa springi, koo au triga ya bastola yako, mimi nikiwemo, zile 200 zinaanza upya, na kwa magazini zote.