Anafunua kurasa fasta, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anti, tupo Ngamiani Tanga, mwanangu ana miaka 3, nikimsomea kitabu cha picha anafunua fasta mpaka mwisho, au nisubiri aanze chekechea?

JIBU: Marahaba mama. Usisubiri, ila maandishi yaache kwanza, ongeeni picha. Muulize "paka anaenda wapi?" akisema "baharini" we ongezea "eeh, anaenda baharini kutafuta dagaa", msamiati ndo unaingia hivyohivyo. Akitaka kitabu kilekile kila siku mpe tu, unayechoka ni wewe. Mkienda ufukweni Raskazone mchoree mchangani herufi ya kwanza ya jina lake aipitishie kidole, na njiani pigeni makofi pamoja kwa kila silabi, ma-chu-ngwa, makofi matatu, watoto wanapenda hiyo balaa. Kumkaririsha irabu kwa fimbo achana nako kabisa.