Kipakatalishi kinachodai ufunguo baada ya diski kusimbwa

Dada, kabla hujamruhusu huyo fundi wa Luthuli Avenue kuifuta diski kama alivyokushauri, tafadhali msimamishe, kwa sababu kipakatalishi kinachoonyesha skrini ya buluu ya BitLocker (programu ya Windows inayosimba diski, yaani kuifunga data yake kwa ufunguo wa siri) na kudai ufunguo wa urejeshaji kwa kawaida hakijaharibika, na faili zako huenda zote zingali mahali pake. Ufunguo wa diski hulindwa na TPM, chipu ya usalama ndani ya mashine, nayo huutoa tu ikiwa hali ya mashine inalingana na ile ya siku ya kusimba; kwa hiyo BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ikisasishwa, au mipangilio yake ikirudi ya kiwandani, chipu hukataa, na mashine hukudai ufunguo wa urejeshaji. Umesema fundi alibadilisha betri ndogo ya ubao mkuu, nami nadhani hicho ndicho chanzo. Mwombe arudishe mipangilio ya awali ya BIOS, na ahakikishe TPM haijazimwa.

Hilo lisipofaulu, ingia kwa simu kwenye akaunti ya Microsoft uliyoitumia kwenye mashine hiyo, au uwaulize wahusika wa kompyuta kazini kwenu ikiwa ni mali ya ofisi, utafute huo ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48 ambao kitambulisho chake kinalingana na kilicho kwenye skrini, maana akaunti moja huweza kuwa na funguo kadhaa. Windows ikifunguka, isitishe BitLocker kwa muda, kisha uirejeshe, ili chipu iikubali hali mpya ya mashine. Inaniuma kusema kwamba ufunguo ukikosekana kabisa, faili hizo hazitasomeka hata diski ikihamishiwa mashine nyingine.